Benchi la Kupimia Presha

"Shoga, marehemu alipimwa presha lini?" jirani aliwahi kumuuliza mjane, siku moja wakianua nguo.

"Siku aliyokufa," mjane alijibu, na wakaendelea kuanua.

Jirani alikuwa akifua nguo za watu, na miguu yake ilikuwa imevimba tangu mwaka uliopita. Mjane alikuwa mshonaji. Mumewe, mpiga lipu, alianguka katikati ya zile ngazi mia mbili na kumi na nne zinazoshuka kutoka mtaa wao wa mlimani hadi barabarani. Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Walimshusha juu ya mlango uliong'olewa, walipofika akafungwa mkanda wa mashine ya presha, mashine ikasoma, kisha ikaacha kusoma.

Miaka miwili baadaye walikuja watafiti wa ugonjwa wa moyo. Wengine waliwahi kuja, wakauliza yao wakaondoka. Hawa walitaka wenyeji watunge maswali pamoja nao, na wenyeji ndio wapime, maana wanajua mlango upi unafunguka na upi haufunguki. Swali la saba lilitoka kwa jirani: Kwa siku unapandisha ndoo ngapi za maji? Liliandikwa kama alivyolisema. Mjane alichaguliwa kupima kwa sababu mwandiko wake unasomeka na mdomo wake una kufuli. Wakaambiwa kwamba presha ya mtaa ikionekana iko juu, kitafunguliwa chumba huku huku mlimani, chenye nesi na dawa za kila mwezi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," jirani alisema kwenye chumba cha kupimia, akikunja mkono wa gauni. Akapata mia na tisini na nane kwa mia na kumi na mbili. Akazitazama zile namba. "Hata shuleni sikuwahi kupata maksi hizi."

Sharti lilikuwa moja, na mtafiti alilirudia mara mbili: mtu mzima yeyote aliyeishi mtaani miaka mitano, akija, asirudishwe.

Jumatano ya pili, saa tano asubuhi, wafu walianza kuja. Walipanda ngazi bila kuhema, wakapanga foleni nyuma ya walio hai. Alikuwemo fundi viatu. Alikuwemo mama wa mapacha, aliyekufa mapacha hawajaota meno. Mjane aliomba dua yake fupi, ile aliyoiomba kabla ya kila mkono, akawafunga mkanda mmoja mmoja. Walikuwa wameishi mtaani zaidi ya miaka mitano, na sharti ni sharti. Presha zao zilikuwa nzuri, mia na kumi kwa sabini, wote. Swali la saba walijibu hakuna.

Mpiga lipu alikuja Alhamisi, chokaa ikiwa bado kwenye viwiko.

"Za tangu siku ile, mama watoto?"

"Njema. Usiongee, mashine inapima."

Namba zikatoka, mia na kumi kwa sabini.

"Ningepimwa hivi zamani," akasema, "ningekuwa nakusumbua mpaka leo."

"Bado unanisumbua. Tia sahihi hapa."

Akatia.

Mwezi ulipokwisha, walio hai walikuwa mia tatu na sita, wafu mia tatu na arobaini. Mjane alizihesabu fomu mara tatu, kisha akazipeleka kwa mtafiti, binti mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Mwanangu, hawa wamekufa."

"Najua, mama. Niliwaandikia ofisini. Wamesema fomu inauliza umri, jinsia na kazi. Haiulizi kama mtu yu hai."

"Basi wafute."

"Wana sahihi. Nikiwafuta, wataniambia nimechagua majibu, na kazi yote itatupwa. Hata za wazima."

Mjane alikumbuka kwamba swali hilo hata wao wenyeji hawakulitunga. Hakuna aliyedhani lingehitajika.

Siku ya majibu watu waliitwa kwenye chumba kile kile cha kupimia. Wafu walitangulia kufika, wakaenea kwenye benchi la ukutani. Jirani alipitia akitoka kuteka maji, akaitua ndoo mlangoni. Mtafiti alisoma karatasi bila kuinua uso. Wastani wa presha ya mtaa ulikuwa wa kawaida. Chumba cha nesi kingefunguliwa ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa hospitali, ambako wastani ulikuwa juu kidogo. Wafu wa kule hawakujitokeza. Walipimwa sana walipokuwa hai, wakaichoka mashine. Ofisi iliwashukuru wakazi wote kwa ushirikiano. Mjane alipewa cheti, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya kitabu chake cha sala.

"Na zile zangu?" jirani aliuliza. "Mia na tisini na nane?"

"Zimo, mama," mtafiti alisema. "Zimo ndani ya wastani."

Kwenye benchi, mpiga lipu alisogea kidogo. Akapapangusa kwa mkono wa shati pale alipoacha nafasi, chokaa isimchafue atakayekaa.

Jirani aliitazama ile nafasi. Mjane naye aliitazama. Kisha jirani akaenda mlangoni, akajitwisha ndoo yake, akatoka.