Ubani Mlangoni mwa Stoo

Baridi ikiingia huku Bahla, Omani, mitende haina kiu sana, na mume wangu Nadhir huiweka stoo pampu yake ya petroli ya kumwagilia mpaka joto lirudi. Mwaka jana aliiweka na petroli yake ndani. Ilipofika Machi kabureta imeziba kwa ute, akaitukana wiki nzima. Mwaka huu akaapa kuiandaa kama bibi harusi.

Basi Alkhamisi ile alasiri akajifungia stoo. Nilipompelekea chai nikakuta petroli yote ya pampu imo kwenye beseni sakafuni, wazi, na mvuke wake unaliza macho.

“Nadhir, fungua mlango.”

“Upepo unaleta vumbi, na kabureta nimeshaifungua. Dakika mbili tu, khalas, nimemaliza.”

Akarudisha visikilizio masikioni asikilize mpira wake. Mwanamume yule ukimwambia jambo ni sawa na kuuambia ukuta. Nikarudi jikoni nimekasirika.

Magharibi ikikaribia, nikasikia kandambili za mama mkwe wangu, Bi Wadha, zikiburuzika uani. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa hupitisha chetezo cha ubani nyumba nzima, chumba kwa chumba, kama alivyofanya mama yake kule Unguja. Humalizia stoo.

Nikatoka mbio. “Mama, stoo usiingie.”

Akasimama, makaa mekundu yanamulika kidevu chake. Mwezi uliopita nilimwomba asifukize chumba cha mwanangu kwa ajili ya pumu, na tangu siku hiyo salamu zangu huzijibu nusu nusu.

“Leo na stoo nayo ina pumu?”

“Kuna petroli, mama. Nadhir ameimwaga kwenye beseni, na yumo humo humo.”

“Nadhir kenda kwenye mpira wake. Wallahi, hukomi wewe. Ushanifukuza chumbani kwa mjukuu wangu, sasa wanifukuza nyumba nzima. Ubani nimezaliwa nao, siji kufundishwa na mtoto wa Bujumbura kama wewe.”

Moshi ulikuwa umemjaa puani. Harufu nyingine angeisikia wapi? Nikamwita Nadhir kwa nguvu zangu zote. Masikio yake yalikuwa kwenye mpira. Bi Wadha akanipa mgongo, akashika kitasa, mlango ukaachia kidogo.

Nimelelewa kwamba mama mkwe haguswi. Nilimrukia, nikakinyakua chetezo kwa mikono miwili, nikakitupa kwenye birika la kufulia. Maji yakachemka, chetezo kikapasuka vipande. Bi Wadha aligeuka ameinua mkono, na uso wake sitausahau. Nilifumba macho, nikasubiri kibao changu.

Mlango ukafunguka wote. Nadhir alitokea na kitambaa mkononi, na nyuma yake harufu ya petroli ikatoka nzito, ikatukaba sote watatu.

“Kuna nini?” akauliza, anatoa visikilizio.

Bi Wadha alilitazama beseni. Akayatazama makaa yaliyozimika majini. Kisha kibao kile kile kikatua kwenye shavu la mwanawe, mtu mzima mwenye mvi ndevuni.

“Ningekuchoma, Nadhir,” akasema. “Ningekuchoma mimi, mamako.”

Akakaa chini palepale. Nadhir akainama kumwinua, mama yake akamsukuma.

“Niache mimi. Mtazame mkeo mikono.”

Hapo ndipo nilipoyasikia maumivu. Bi Wadha akanivuta kwa kanzu nikae karibu yake, nikalia kwa sauti, na yeye akilia.