Paa la Wadi ya Bura

Serikali zilipobadilishana bendera, wadi ya wazazi pale Bura ilikuwa kuta tupu. Mabati yalikuwa yaje na fedha za Wazungu wafadhili, na Wazungu hao walikuwa wamepatana na serikali iliyoondoka. Serikali mpya ikasema mapatano hayo haiyatambui. Wafadhili nao wakasema hawajengi kwenye vita. Wakubwa wakanawa mikono, kila mmoja kwa maji ya mwenzake. Mbuzi wakalala mahali pa vitanda.

Kila alipopita hapo kwenda kuteka maji, Timiro alimfikiria Lul, binti yake. Mtoto wa kwanza wa Lul alifia tumboni, na daktari wa Garissa alisema waziwazi: wa pili hatatoka bila kisu. Sasa Lul alikuwa mjamzito tena, amekaribia, na njia ya Garissa ilikuwa imefungwa kwa hali ya hatari. Mwenyeji aliyeonekana barabarani aliitwa shifta, yaani mwasi, akapigwa risasi.

"Daktari ana kibali cha kusafiri," alisema Kinoti, dresa, mwuguzi msaidizi aliyeletwa kutoka Meru. "Lakini hawezi kumpasua mtu juani, Mama Timiro. Wadi ikifunikwa, nitamwita."

"Wallahi, hilo tu? Kwani nyumba kwetu hujengwa na nani?"

Kwao nyumba ni ya mwanamke. Ndiye huisuka, huifungua na kuipakia ngamia. Basi Timiro akabomoa yake. Lul akabomoa ile aliyojengewa alipoolewa. Arbia na Maka, majirani zao, wakaleta mikeka na miti yao iliyopindwa, wakapanda ukutani.

"Maka, fundo lako hilo hata mbuzi atalifungua!"

"Njoo ulifunge kwa ulimi basi, Arbia. Si ndio mrefu kuliko kamba?"

Kinoti alicheka hadi akakaa chini. Kazi ilipokwisha, akaenda kituo cha polisi kutuma habari Garissa kwa redio.

Jeshi nalo likasikia. Jengo la mawe, lenye paa, karibu na kisima: wangetaka nini tena? Wakafika kabla ya daktari, wakaziba madirisha kwa magunia ya mchanga. Daktari alipofika kwenye kizuizi cha barabarani akaambiwa hakuna hospitali hapa, hii ni kambi, geuza gari.

Kesho yake asubuhi Lul alishikwa na uchungu, kichakani, chini ya shuka iliyofungwa matawini. Timiro akakimbia hadi mlangoni mwa wadi, kwa Sajini Ndirangu, mkubwa wa askari hao.

"Afande, binti yangu anakufa. Mwite daktari arudi."

"Mama, raia haingii hapa."

"Hii nyumba sisi ndio tumefunika."

"Tumeona. Kazi safi. Asanteni sana."

Askari wakacheka. Hakikuwa hata kicheko cha chuki. Kilikuwa cha vijana waliochoshwa na jua, na hicho ndicho kilichomchoma.

Lul alikufa adhuhuri, mtoto akiwa bado tumboni. Kinoti alimshika mkono hadi mwisho. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Walipomaliza kuzika, Timiro alirudi wadini, akapanda ukutani mbele ya macho ya askari, akaanza kufungua kamba.

"Shuka! Mama, shuka, nitapiga!"

"Biga," alisema Timiro kwa matamshi ya kwao, bila kugeuka.

Mkeka ukaangukia ndani, juu ya bunduki na sufuria ya chai. Arbia alikuwa tayari ameshika ukuta, anapanda. Nyuma yake alikuwa Maka.