Ukuta wa Upande wa Chumbani

Tofali mbili zilikuwa hazipo.

Niliziona nikiwa nimekaa barazani kwangu, mvua ikianza kupungua, kikombe cha chai mkononi. Dohani ya nyumba ya mwanangu Lugano, hatua arobaini kutoka kwangu, ilikuwa na pengo kwenye ukingo wa juu. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa thelathini na nne huu, na jicho langu halijui kupumzika. Hata kanisani namsikiliza mchungaji huku nahesabu kozi, ile mistari ya tofali, za ukuta ulio nyuma yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema, na mimi nimesomesha watoto sita kwa sababu ya watu wasioziba.

Dohani ile niliijenga mwenyewe. Huku kwetu Njisi wengi wanapikia ndani ya moshi mpaka macho yanakuwa mekundu, lakini mimi niliwahi kukarabati dohani za nyumba moja ya zamani ya wamisionari kule juu Tukuyu, nikaapa kwamba mke wa mwanangu hatalia machozi ya kuni. Nilijivunia kazi ile, sifichi. Wapita njia niliwaonyesha kabla hawajauliza.

Nikajifunika kiroba kichwani, nikaenda kuzitafuta tofali zangu. Chini ya ukuta hazikuwepo. Juu ya bati hazikuwepo. Nilizunguka mgombani nikifunua majani kwa mguu, sikuona kitu. Tofali haina miguu. Kama haikuangukia nje, imeangukia ndani.

Hapo ndipo nilipoitazama dohani kama fundi, siyo kama mwenye sifa. Mvua za mwezi mzima zilikuwa zimelamba udongo uliounganisha tofali, viungo vimebaki mashimo ya kuingiza kidole. Ufa ulishuka ngazi kwa ngazi mpaka ukazama chini ya bati. Tofali za juu zilikuwa na unga mweupe, dalili ya maji yaliyokaa ndani muda mrefu. Yote hayo ningeweza kuyavumilia mpaka kiangazi. Kilichonishtua ni kwamba dohani haikuwa ikitoa moshi, na asubuhi ile nilimwona mke wangu Tusajigwe kwa macho yangu akiingia mle na nusu gunia la pumba za mpunga za kuwashia jiko.

Pumba haziwaki kama kuni. Zinaungua polepole kutwa nzima, na moshi wake lazima upate njia. Kama haupiti juu, unapita wapi?

Tusajigwe alikuwa amekwenda msibani Katumba Songwe. Nikampigia simu.

"Jiko la kule umelizima?"

"Nilizime kwa nini? Nimeshindilia pumba mpaka juu. Mzazi anahitaji maji ya moto na chumba chenye joto. Mtoto ana siku tisa, au umesahau?"

"Mama yake anaendeleaje?"

"Kichwa tu. Leo siku ya tatu kinamgonga. Akikaa barazani kinapoa, akirudi kulala kinaanza tena. Ni uzazi huo, Anyitike, ninyi wanaume mtajua nini."

Simu ikakatika. Sikupiga tena. Kichwa kinachopoa barazani na kuuma chumbani si cha uzazi, ni cha moshi.

Sasa nieleze jambo ambalo vijana wanalicheka. Kwetu sisi Wanyakyusa wa malezi ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Hawatazamani, hawasemeshani, na baba hakanyagi nyumbani kwa mkamwana. Mchungaji amesema mara nyingi kwamba mila hiyo imepitwa na wakati, na siku hizi harusini utawaona baba wakwe wakipiga picha na wake za watoto wao. Mimi nililelewa hivyo na sikuona sababu ya kuacha. Kwa miaka mitano, Wema, mke wa Lugano, akiniona njiani aliingia mgombani akainamisha kichwa mpaka nipite. Sauti yake niliijua kwa kumsikia akiimba kwa mbali. Jina lake sikuwahi kulitamka. Niliipenda heshima ile kwa sababu niliona hainigharimu kitu.

Jiko na dohani niliviongeza miaka mitatu iliyopita, wao wameshahamia. Dohani imeegemea ukuta wa chumba chao cha kulala. Upande wa nje na wa jikoni nilijenga mwenyewe, timazi mkononi. Upande wa chumbani sikuingia. Nilimwachia Lugano apige lipu, Lugano ambaye ni dereva wa lori na mwiko anaushika kama kijiko cha uji. Alitoka akasema, "Tayari, baba." Nikanawa mikono. Mimi huyu, niliyewahi kufukuza vibarua kwa kosa la kusema ukuta ni mzima bila kuugusa pande zote mbili.

Nikakimbilia dirisha la chumbani. Lilikuwa la mbao, limefungwa kwa ndani kwa sababu ya mvua na mtoto.

"Hodi!" niligonga. "Hodi humo ndani!"

Kimya. Kisha mtoto akalia. Nimelea sita, najua kilio cha njaa na kilio cha kulowa. Hiki kilikuwa kilio chembamba kilichokatika katikati, na baada yake sikusikia kitu.

Nilitazama njiani nione kama kuna mwanamke yeyote wa kumtuma. Njia ilikuwa maji matupu. Wanawake wote wako msibani. Nikapiga dirisha kwa ngumi. "Mama! Toka nje! Toka na mtoto!"

Hakuna aliyejibu.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sebule niliivuka kwa hatua nne, nikafika kwenye pazia la chumbani. Kitenge tu cha maua ya njano, kimening'inizwa kwenye kamba. Nimebomoa kuta za mawe kwa nyundo, lakini mbele ya kile kitenge miguu ilikataa. Nasema kweli, nilisimama. Nilivuta pumzi tatu, labda nne, na pumzi zile zinaniuma mpaka leo, kwa sababu waliokuwa ndani hawakuwa na za kupoteza. Niliogopa aibu kuliko nilivyoogopa kifo cha mjukuu wangu. Ndivyo ilivyokuwa.

"Wema!"

Jina lilinitoka lenyewe. Nikalivuta pazia likakatika na kamba yake.

Moshi wenyewe haukuwa mwingi. Mtu angeingia angedhani ni harufu ya jikoni tu, akajilaza. Wema alikuwa kitandani, midomo imelegea, mtoto kifuani. Nikamtoa mtoto kwanza, nikamlaza barazani kwenye mkeka, nikarudi. Mama yake nilimshika makwapani nikamburuta, kichwa changu nacho kikianza kuzunguka. Nilipofika nje nilipiga magoti nikampepea mtoto kwa kile kiroba, nikimwita Kyala, Mungu wetu, kwa sauti ambayo sijui majirani wangeionaje. Mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili. Kisha akalia, safari hii kwa hasira, na mimi nikalia naye.

Wema alipofumbua macho nilifanya jambo la ajabu. Baada ya kumburuta sebule nzima, nikageuka nikatazama ukuta. Nilimsikia akitapika. Nilimsikia akihema. Halafu sauti ile niliyoijua kwa mbali ikasema nyuma ya mgongo wangu:

"Tata." Ndivyo tunavyomwita baba. "Tata, geuka. Mshike mtoto, mikono yangu haina nguvu."

Nikageuka, nikamshika.

Bodaboda iliwapeleka kituo cha afya, wakawekewa hewa, wakalala huko siku mbili. Nesi aliniambia kwamba ningemaliza chai yangu kwanza, ningewakuta wote wawili wamekwisha kupoa.

Waliporudi niliwalaza kwangu, nikaingia kazini. Nilipoondoa kabati la chumbani nikauona ukuta. Lipu ilipigwa pale panapoonekana tu. Nyuma ya kabati tofali zilikuwa tupu, zimepakwa masizi yaliyoganda na kung'aa kama lami, na kiungo kimoja kilizibwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Tofali zangu mbili nilizikuta zimekwama kwenye koo la dohani. Lugano alikuwa amerudi kutoka Tunduma, amesimama mlangoni, na mimi sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Niliibomoa dohani mpaka chini ya bati, nikaijenga upya kwa saruji, chokaa na mchanga uliochekechwa, kila kiungo nikakijaza mpaka ndani. Juu nikaweka kofia ya zege yenye nafasi pande nne. Ukuta wa chumbani niliupiga lipu kwa mikono yangu, tabaka mbili.

Baada ya kukauka ikabaki kuijaribu. Unawasha majani mabichi ya mgomba jikoni, na mtu anasimama upande wa pili kuangalia kama moshi unapenya.

"Nitaangalia mimi, baba," alisema Lugano.

"Wewe ulishaangalia," nilimjibu.

Wema akampa mumewe mtoto, akachukua tochi, akaingia chumbani. Nikawasha majani. Moshi ukapanda vizuri.

"Unaona nini?" niliuliza kupitia ukutani.

"Karibu na dari, Tata. Unatoka kidogo sana."

Nikaenda. Kweli, palikuwa na tundu la punje ya mchele. Nikaliziba, nikasubiri siku mbili, nikawasha tena.

"Hakuna kitu," alisema.

"Una jicho la fundi wewe," nilimwambia nikiingia chumbani.

"Doa jeusi nililiona tangu mwezi wa tatu," alisema Wema. Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. "Lilitokea pembeni mwa kabati. Nilimwambia Lugano akuambie, akasahau. Kila siku nilikuona ukipita hapo nje na mwiko wako. Na mimi nikiingia mgombani, kama kawaida."

Miezi miwili mtu aliyejua alikuwa akiinamisha kichwa ili mimi nipite na heshima yangu.

"Kuna kitu kingine umekiona humu ndani?" nilimuuliza.

Akainua uso akanitazama.

"Kipo, Tata. Bati linavuja juu ya kitanda cha mtoto."

Nikaenda kuchukua ngazi.