Mume wa Bi Ummulkheir Yuko Osaka

Bi Ummulkheir wa Malindi aligombana na simu yake, na msinicheke, maana ugomvi wenyewe ulikuwa wa haki. Mjukuu wake wa pekee, Aboud, alizaliwa Osaka, mamake ni Mjapani, na Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Kila Zubair, babake, alipopiga simu ya video, mtoto huchungulia uso wa nyanyake, kisha huyo, mbio! Bi Ummulkheir akabaki kuzungumza na kiti kitupu. Akaogopa kuwa siku moja atakufa, na mtoto asijue amefiwa na nani.

Aliyemwokoa ni jirani yake Gladys, mhudumu wa hoteli. Kiitaliano chake cha kuwasemesha wageni Gladys alikinoa kwa kuongea na ile programu ya akili unde kwenye simu. Akamtilia mama wa watu programu hiyo, akamwonyesha pa kubonyeza. Basi tena, nyumba haikulala! Akikuna nazi, Kijapani. Akichagua mchele, Kijapani. Akikosea, ile sauti humrudisha taratibu, bila kuguna, na mwalimu wa subira hiyo hakupata kumwona hata chuoni alikosomea Kurani utotoni.

Ugomvi ulitoka wapi, basi? Bi Ummulkheir alitaka afundishwe kusema, "Mume wangu, hujambo?" Nani pwani hii asiyejua kuwa nyanya na mjukuu ni watani, na mjukuu wa kiume ndiye mume? Tena huyu amepewa jina la marehemu babu yake, mume hasa! Sauti ikamjibu kwa adabu kwamba Japani nyanya hamwiti mtoto hivyo, atachanganyikiwa, afadhali aseme "mjukuu wangu." Mama akawaka. Akaizima simu, akaipa mgongo mpaka alasiri.

Hasira zilipomshuka akairudia, akaieleza utani wetu kwa Kiswahili, pole pole. Haikubisha. Ilimshukuru kwa kuifahamisha, ikamtungia sentensi fupi ya Kijapani: kwetu nyanya humwita mjukuu mume wake, kwa mapenzi. Kisha ikajifanya Aboud, ikamuuliza kwa nini hivi, kwa nini vile, naye akajibu, akakosea, akajibu tena, mpaka ulimi ukalainika. Bi Ummulkheir akaiombea dua. Alijua haina roho, lakini ukitendewa wema utanyamaza?

Ijumaa Zubair akapiga. Mtoto akachungulia, akageuka atoroke.

"Mume wangu," nyanyake akamwita kwa Kijapani, "hujambo?"

Aboud akasimama kama aliyeshikwa shati. Bi Ummulkheir akaimaliza ile sentensi yake yote. Mtoto akarudi, akausogeza uso mpaka pua ikakijaza kioo cha simu, akauliza jambo ambalo kwenye mazoezi halikuwahi kuulizwa.

"Kama mimi ni mume wako, mbona unakaa mbali nami?"

Zubair, ambaye kila mwaka huahidi kuja mwaka ujao, akakohoa, akaanza kumfasiria mamake.

"Wacha, mwanangu," Bi Ummulkheir akasema, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Alhamdulillahi, nimemsikia mwenyewe. Mjibu wewe."