Chupa Iliyosema Kweli

Kila asubuhi, kabla ya chai, Nzomo alichemsha mrija wa mkewe katika sufuria ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine. Ulikuwa mrija mfupi wa chuma, uliopinda kama kidole kinachoita mtu, na kazi yake ilikuwa kuzuia lile tundu la shingoni mwa Kalunde lisizibe. Kalunde aliketi kwenye kigoda mlangoni, penye mwanga, ameshika kioo. Nzomo aliuepua mrija, akangoja upoe, akaufuta, akaurudisha mahali pake taratibu. Kisha Kalunde alijifunga skafu shingoni akaenda kukama mbuzi.

Walimkata koromeo mwanzoni mwa mwaka wa 1978, pamoja na uvimbe uliokuwa ndani yake, na sauti ikaenda na koromeo. Kabla ya hapo kijiji chote cha Kanyangi kilimjua kwa sauti hiyo. Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo. Siku asipofika, waumini walitazamana mpaka mchungaji aanze mwenyewe, na mchungaji aliziweka juu mno hata wazee wakashindwa kumfuata. Akiwa shambani alimwita mumewe toka ng'ambo ya bonde, na Nzomo hakuweza kusingizia kwamba hakusikia. Sasa alizungumza kwa midomo mitupu, na Nzomo alijifunza kuisoma polepole, neno kwa neno, kama alivyojifunza kusoma Biblia akiwa mtu mzima.

Upasuaji ulifanywa kwenye kituo cha utafiti kilichokuwa nje kidogo ya Kibwezi, majengo meupe yenye mabati mapya. Kilijengwa kwa fedha za ng'ambo ili kuchunguza kwa nini kansa ya koo hurudi baada ya kukatwa, na ikirudi hupita njia gani mwilini. Matibabu yalikuwa ya bure. Hakuna aliyeuliza nyama iliyokatwa ilipelekwa wapi, kwa kuwa hakuna aliyeihitaji.

Mwezi wa Novemba Kalunde alianza kukohoa. Siku yao ya kurudi kliniki ilipofika, wakapanda basi lililopitia Ikutha, likavuka mto Athi, wakafika kituoni jua likiwa limeshapanda. Daktari Ndolo aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa Mwingi, mnene, mcheshi, aliyesoma ng'ambo miaka mingi na kurudi bila kusahau Kikamba hata neno moja. Akamsikiliza Kalunde kifua, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

"Unaendelea vizuri, mama," akasema. "Rudi baada ya miezi mitatu."

Nesi alimchukua Kalunde kwenda kumpima uzito. Nzomo akatoka barazani, akapiga kikohozi chake cha siku zote.

"Baba Mutindi," sauti ya mkewe ikasema, "bado unanusa ile tumbaku?"

"Nimeacha," Nzomo akajibu.

Kisha akakumbuka kwamba mkewe hana koromeo, tena yuko chumba cha pili juu ya mizani. Sauti ilikuwa imetoka dirisha la upande wa kushoto. Mlango ukafunguliwa, na fundi wa maabara, kijana wa Kilungu aliyeitwa Kisilu, akatoa kichwa nje.

"Ingia, mzee," akasema. "Amekuwa akikuulizia."

Ndani kulikuwa na kabati la chuma lenye joto kama la mkate unaotoka jikoni. Kisilu akalifungua. Zilipangwa humo chupa bapa za glasi, zimelazwa kwa ubavu, kila moja ikiwa na maji kidogo ya rangi ya waridi, na chini ya maji utando mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa. Kisilu alieleza kwamba ule utando ndio kansa yenyewe. Walikata kipande walipoitoa shingoni, wakakilisha, kikakubali kula, kikazaana. Mwezi wa pili kikaanza kusema.

"Wananipa uji mtamu," chupa ikasema kwa sauti ya Kalunde. "Lakini hauna chumvi. Hawa watu hawajui kupika."

"U hali gani?" Nzomo akauliza, maana hakujua kingine cha kuuliza.

"Mimi mzima. Huyo uliyekuja naye ndiye si mzima. Wakati wananikata nilikuwa nimeshatuma wenzangu mbele. Wako pafu la kushoto, chini, karibu na moyo. Niliwaambia hawa tangu Julai."

Nzomo akamgeukia Kisilu. Kisilu alikuwa akitazama sakafu.

"Alisema Julai," Kisilu akakubali. "Daktari alikuwepo, na alisikia."

Hapo ndipo Kalunde alipoingia, akiwa ameshuka kwenye mizani na kumtafuta mumewe. Alisimama mbele ya kabati, mkono mmoja juu ya skafu. Sauti yake ilikuwa bado inazungumza, inaeleza wale waliotangulia walipita mshipa gani na kupumzika wapi, kwa ule utamu wake wa zamani, mpaka ungedhani inasimulia safari ya arusi. Kalunde aliisikiliza mpaka ikafika mwisho. Hewa iliingia na kutoka shingoni mwake kwa mluzi mdogo. Kisha akamgusa Nzomo begani, akaumba maneno kwa midomo.

Mwambie anyamaze.

"Amesema unyamaze," Nzomo akaiambia chupa.

Ikanyamaza. Katika miaka yote aliyokaa na sauti ile, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona inatii.

Nzomo alimkuta Daktari Ndolo akinywa chai ofisini. Daktari akamvutia kiti na kummiminia kikombe. Hakukana lolote. Alisema ndiyo, chupa ilisema Julai, ndiyo, alielewa, na alipomsikiliza mama kifua leo alisikia kitu pale pale ilipotaja.

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mzee, tungewaambia, mngekimbilia Nairobi, achomwe kwa ile mashine ya miale. Labda ingemsaidia. Lakini hapo mimi ningejuaje kama chupa ilisema kweli?" Daktari aliongea kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Wewe ni mkulima. Ukifukua mbegu kila siku kuangalia kama imeota, utavuna nini?"

"Na sasa?"

"Sasa tunajua."

"Nauliza kuhusu mke wangu. Sasa aende Nairobi?"

Daktari Ndolo alizungusha kikombe juu ya sahani yake. "Sasa kumechelewa, mzee wangu," akasema, na macho yake yakalengwalengwa na machozi ya kweli.

Nzomo alimpeleka Nairobi hata hivyo, na huko wakamwambia lile lile. Kalunde alifariki Februari, watu wakiwa wanavuna kunde. Wiki za mwisho hakuumba neno kwa midomo. Alimtazama tu mumewe akichemsha mrija, kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Siku ya mazishi kwaya ilisimama kandokando ya kaburi na hakuna aliyejua nani aanze. Mchungaji alianza. Aliuweka wimbo juu mno.

Baada ya matanga Nzomo alirudi Kibwezi kuomba ile chupa aizike pamoja na mwenye sauti. Daktari Ndolo alimpa pole, akamshika mkono asiuachie.

"Mkeo umeshamzika, mzee. Hiki ni kitu kingine. Ni mali ya utafiti. Lakini ukitaka kuja kuitazama, njoo Alhamisi. Sitakuzuia."

Nzomo aliapa hatakuja. Alhamisi iliyofuata akaja. Kisilu alimwekea kiti mbele ya kabati na kutoka nje ili asisikilize.

"Wewe ndiye uliyemla," Nzomo akasema.

"Ndiye mimi," sauti ikajibu.

"Huna hata haya."

"Haya ningeitoa wapi? Nilipewa mdomo tu." Kisha ikauliza, "Mahindi ya ule upande wa mto umeyatoa? Ukiyaacha hapo nyani watayamaliza, nami nilikuambia mwaka juzi."

Alikuwa hajayatoa. Aliporudi nyumbani aliyatoa, akawa anayakusanya huku akilia kwa hasira, kwa sababu shauri lilikuwa zuri na limetoka kwa muuaji. Akaendelea kwenda. Bintiye, Mutindi, aliyekuwa ameolewa Mutomo, alimwambia si vizuri, watu wa kanisa wanasema. Nzomo akamwambia anajua si vizuri. Alijichukia kwenye basi la kwenda na alijichukia zaidi kwenye basi la kurudi. Lakini kule kati palikuwa na saa moja ambayo mtu alimwita Baba Mutindi kwa sauti iliyojua magoti yake yanamuuma wakati gani.

Kufikia mwaka uliofuata kabati lilikuwa limejaa. Kila mgonjwa aliyekatwa alikuwa na chupa, na kila chupa ilisema. Saa za mchana lilikuwa soko: wanawake wa Makueni, wazee wa Mwingi, Mwislamu mmoja muuza nguo wa mjini Kitui aliyesema bismillahi kabla ya kueleza alipofika. Kisilu aliandika yote. Wenye sauti hizo walikaa nje kwenye benchi, wakisubiri kuambiwa kwamba wanaendelea vizuri.

Alhamisi moja sauti ya mwanamume ikasema, "Mimi wa Musembi. Nimeanza upya chini ya taya, upande wa kulia. Bado kidogo, kama punje ya pojo. Wakiniacha, sitamvusha mavuno."

Nzomo alimwacha mkewe katikati ya neno, akatoka barazani. Benchini palikuwa na mtu mwembamba, mkulima wa machungwa wa milima ya Kilungu, aliyekatwa nusu ya ulimi. Alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo.

"Wewe ndiye Musembi?"

"Ndiye," mtu yule akasema, neno likimtoka zito.

"Imerudi. Chini ya taya, upande huu. Daktari atakuambia unaendelea vizuri. Usimsikilize. Nenda Nairobi wiki hii hii, uwaambie wakuangalie hapo."

Musembi aliacha kumenya. "Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe."

Musembi alijipapasa taya. Akatazama mlango wa maabara, ambako sauti yake ilikuwa ikimweleza Kisilu jambo fulani kwa ulimi mzima. Alisikiliza kidogo. Akafuta kisu kwenye suruali, akaondoka kabla jina lake halijaitwa.

Nairobi walimchoma kwa miale. Shingo yake ikawa nyeusi kama sufuria, mate yakamkauka, na chakula kikakosa ladha. Lakini mavuno yakaja yakapita na Musembi yupo, akapanda miche mingine ya machungwa.

Daktari Ndolo alimwita Nzomo ofisini. Hakukasirika. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Chupa ya Musembi ilisema hatavuka mavuno," akasema. "Amevuka. Kwenye matokeo yetu, chupa hiyo imekosea."

"Lakini mtu amepona."

"Amepona, namshukuru Mungu. Lakini imekosea. Wale walioko ng'ambo wananiuliza kwa nini chupa zote zimesema kweli na hii imesema uongo. Nitawajibu nini? Kwamba mzee mmoja wa Kanyangi alipita barazani?"

"Wajibu hivyo."

Daktari alicheka kidogo, kwa huzuni. Wiki hiyo chupa ya Musembi ilimwagwa sinkini pamoja na dawa ya kuua vidudu. Kisilu, aliyeimwaga, alisema ilinung'unika kidogo tu. Benchi likahamishiwa upande wa pili wa jengo, mahali ambapo mabomba ya maji yalifanya kelele mchana kutwa, na siku za kutazama chupa zikafutwa.

Chupa ya Kalunde ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ndiyo iliyochaguliwa kupelekwa ng'ambo. Kisilu alimtumia Nzomo habari kupitia dereva wa basi. Nzomo alifika asubuhi ya safari na kukuta gari la kituo limeshawashwa, na sanduku la barafu kwenye kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyemfukuza.

"Baba Mutindi," sauti ikasema kutoka ndani ya sanduku, "tunaenda wapi?"

"Ulaya."

"Huko kuna anayejua Kikamba?"

"Sidhani."

Gari lilikuwa linatetemeka. "Kuna baridi humu," ikasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa na ule ukali wake.

Nzomo alisimama pale na chuki yake yote, ambayo haikuwa imepungua hata kidogo. Kisha akavua koti, akalizungushia sanduku, akalikaza kwa mikono miwili kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Dereva alitoka ofisini na karatasi zake, akaliona koti, akalifungua kwa heshima.

"Samahani, mzee. Barafu itayeyuka."

Akamrudishia koti. Gari likashika barabara ya Nairobi. Nzomo alivaa koti likiwa limelowa kifuani, akasimama akiyasikia maji yakimpenya shati. Nyuma yake, dirisha la maabara lilikuwa wazi, na sauti ngeni ya mwanamke, ambaye saa hiyo alikuwa kwake Kilungu akipepeta maharagwe, ilianza kueleza ilipofika. Kisilu akavuta kiti, akachukua kalamu.