Ng'ombe wa Mzee Roba

Nimechoka. Mwaka jana niliapa sitafundisha tena likizo ya Agosti, na Agosti hii nipo tena hapa Garsen: darasa la mabati, wanafunzi ishirini na wawili wa sekondari, kompyuta sita, na stima inayokuja ikipenda. Mafunzo ya hesabu na kompyuta, wiki tatu. Atakayetoa kazi bora ya mwisho anapelekwa Hola mwezi wa Desemba kwa mafunzo ya juu. Nafasi ni moja tu, na kila mtu darasani alijua ni ya Kadra, binti wa Mzee Roba.

Kosa ni langu. Niliwaambia waandike programu ya kuhesabu mifugo au mazao ya nyumbani kwao. Mimi Asenath ni Mpokomo wa Golbanti, kando ya mto. Kwetu mikungu ya ndizi inahesabiwa mchana kweupe na hakuna anayedhurika. Nikasahau kwamba kwa Waorma, wafugaji kama kina Kadra, ng'ombe hahesabiwi. Ukitaja idadi, umeita balaa. Kadra alipomwuliza baba yake wako wangapi, Mzee Roba akamwambia asikanyage tena darasani.

Alhamisi, imebaki siku moja mafunzo yaishe, nikapanda boda na kompyuta mgongoni, nikala vumbi mpaka kwao. Mzee alinipa chai ya maziwa kwanza, kisha maneno.

"Mwalimu, ukame umekula wengi. Sasa wewe unataka kumaliza waliobaki?"

"La, Mzee. Kazi tu ya shule."

"Nyinyi watu wa mto! Mnahesabu hata samaki aliye majini."

Siku nyingine ningemjibu sawasawa. Leo sikuwa na nguvu. "Haya basi, usihesabu. Jioni wakirudi, unajuaje kama wametimia?"

Alinitazama kama niliyemwuliza anawajuaje watoto wake. "Kwa majina."

Kadra alikuwa ameshafungua kompyuta.

Mzee akaanza kutaja. Dimtu, yule mwekundu. Mtoto wa Dimtu. Dalati wa kijivu, mama yake alitoka Bangale. Kadra anaandika, mzee anataja. Mara vidole vya msichana vikasimama.

"Baba, huyu alikufa kwenye ukame."

"Andika."

Akaandika. Na mwingine, na mwingine tena. Sauti ya mzee ilizidi kushuka lakini hakumruka hata mmoja. Machozi yakanilenga, nikainamia kikombe changu.

Alipomaliza akauliza, "Sasa hiyo mashine itasema wangapi?"

Kadra akafuta mstari wa mwisho wa programu, ule wa jumla. "Haitasema, Baba. Itatoa majina tu."

"Soma."

Akasoma yote. Mzee alifumba macho, akiitikia kila jina, wazima na waliokufa.

"Wametimia," akasema. Akajifuta uso kwa kikoi. "Kesho nenda shule."

Ijumaa nilijaza fomu ya Hola. Programu inafanya kazi? Ndiyo. Imetoa jumla gani? Hapo kalamu ikagoma. Fomu yenye pengo hurudishwa, nawajua watu wa ofisi. Kadra alikuwa amesimama mlangoni, ameukodolea macho mkono wangu.

Nikaandika: "Wametimia." Nikapiga muhuri. Wakiirudisha, nitaipeleka Hola mwenyewe, na uchovu wangu huu huu.