Mraba wa Nne kwa Nne

Mume wa binti yangu wa mwisho ni afisa wa elimu, na mikataba ya walimu waliostaafu lakini bado wanafundisha hupitishwa kwa kalamu yake. Kwa miaka sita jambo hilo halikutusumbua. Kila mwaka aliniletea karatasi nyumbani, akaiweka mezani pasipo kunitazama usoni, nami nikatia sahihi pasipo kumshukuru, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ikionekana. Mwaka wa saba alikuja mikono mitupu.

Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mkwe anavyokaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa chai, inapoa."

"Mama, Jumatano tuna wageni. Na waziri atakuwepo."

Wageni hao walikuwa wakitoka katika nchi kubwa, ambayo wanafunzi wake peke yao ni wengi kuliko sisi sote, wazee na watoto wachanga tukijumlishwa. Mara tatu mfululizo watoto wetu wa darasa la tano walikuwa wamewapita watoto wao katika mtihani ambao nchi nyingi huufanya kwa pamoja. Sasa walitaka kuona kwa macho yao, ingawa magazeti yao yalikuwa yameshatoa jibu.

"Wanasema ni kwa sababu sisi ni wadogo," alisema mkwe wangu. "Eti nchi yenyewe mtoto akipiga chafya, waziri anasikia."

"Waambie zipo nchi ndogo kuliko yetu, na watoto wake hawajui kusoma. Ehe, unataka nini?"

Alitaka somo ambalo watoto wamekwisha kulifanyia mazoezi tangu Jumatatu. Alitaka wanafunzi kumi na mmoja walio wazito darasani mwangu wapelekwe maktaba siku hiyo, wapewe vitabu vya hadithi. Tena alitaka kiti cha nyuma kiondolewe.

Ni lazima nikieleze kiti hicho. Katika kila darasa la nchi hii kipo kiti kimoja cha mtu mzima, nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mwalimu asiye na kipindi hukikalia. Hasemi neno, huandika tu. Kengele ikilia, yeye na aliyefundisha huenda chumba cha walimu, naye hueleza somo lilivunjika wapi. Haulizwi kama lilivunjika. Huulizwa wapi. Kesho yake somo hurudiwa, na mara nyingi anayelirudia ni yule aliyeliona likivunjika. Mimi nimesahihishwa na walimu wengi kupitia kiti hicho, na baadhi yao nilikuwa nimewafundisha herufi mimi mwenyewe.

"Mama, hatuwezi kuwaonyesha wageni nguo za ndani."

"Mficha uchi hazai."

"Mama!" Chai ilimpalia. Mkwe hakutarajia neno hilo kutoka kinywani mwangu.

Alipomaliza kukohoa aliitazama sakafu. "Mkataba wako uko mezani kwangu. Jumatano ikiharibika mbele ya waziri, sitaweza kuupitisha."

"Unanitisha?"

"Nakuomba, mama."

Alipoondoka nilikiosha kikombe chake mara mbili. Mume wangu amekufa, watoto wangu wana nyumba zao, na tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu nimesimama mbele ya ubao saa mbili asubuhi. Nisiposimama hapo, sijui nisimame wapi.

Jumatano, mwalimu mkuu alinisubiri mlangoni mwa darasa akijifuta jasho. Yeye pia nilimfundisha. Alikuwa mtoto mwoga, akawa mtu mzima mwoga, lakini mwaminifu.

"Mwalimu, wale kumi na mmoja wako maktaba?"

"Wako mahali pao."

"Mungu wangu!"

"Mwite baadaye. Sasa ninafundisha."

Wageni saba walikuwa wameketi kando ya dirisha pamoja na waziri, mkwe wangu na mkalimani. Nyuma, kwenye kiti chake, alikuwapo mwalimu mpya, binti mwembamba ambaye wanafunzi humwita Sindano. Alikuwa na miezi miwili kazini. Daftari lilikuwa likitetemeka magotini pake.

Sikuwa nimefanya mazoezi yoyote. Somo lilikuwa lile lililofuata kitabuni: mzingo na eneo. Nilichora mraba ubaoni, kila upande mita nne, nikasema ni shamba.

"Tukitaka kulizungushia waya, tutahitaji mita ngapi?"

"Kumi na sita!"

"Na ndani yake, vipande vya mita moja kwa mita moja vitaenea vingapi?"

Wakahesabu. "Kumi na sita!"

Mikono ilikuwa juu, sauti zilikuwa safi, kalamu za wageni zilikuwa zikikimbia. Nilimwona mkwe wangu akiegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. Wakati huo ndipo Kobe alipoinua mkono.

Kobe ni binti wa seremala, mmoja wa wale kumi na mmoja. Hulijibu swali wakati wenzake wamekwisha kulisahau. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alisema kobe naye hufika.

"Mwalimu, kwa nini tumehesabu waya mara mbili?"

Darasa likacheka.

"Hatukuhesabu waya mara mbili," nikasema. "Kwanza waya, kisha shamba. Kaa."

Akakaa. Kisha akasema, akiwa ameketi, polepole kama kawaida yake, "Lakini ni kumi na sita ileile."

Nilitaka kuendelea. Chaki ilikuwa imekwisha kugusa ubao. Lakini nikageuka, nikauliza darasa zima: "Nani anaona kwamba mzingo na eneo ni kitu kimoja chenye majina mawili? Semeni kweli."

Katika watoto thelathini na wanne, ishirini na tisa waliinua mikono. Wa kwanza darasani alikuwa miongoni mwao, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko yote.

Niliutazama ubao. Miraba haina idadi duniani. Uchore wa tatu kwa tatu, uchore wa tano kwa tano, uchore wa mia kwa mia: hesabu ya mzingo na hesabu ya eneo hazilingani. Zinalingana katika mraba mmoja tu, nao ndio niliokuwa nimeuchagua. Kama Kobe angalikuwa maktaba akisoma hadithi, wale ishirini na tisa wangalitoka wakiwa na furaha, wakiwa wamejifunza uongo, nami ningalisifiwa.

Kengele ikalia.

"Karibuni chai, wageni wetu!" Mkwe wangu alikuwa amesimama tayari. "Karibuni sana, huku, huku."

"Chai itasubiri," nikasema. "Tunakwenda chumba cha walimu. Atakaye aje."

Wakaja wote, hata waziri. Chumba chetu kina meza moja ndefu, kabati ambalo mlango wake haufungiki, na dirisha moja linalotazama vyoo. Viti havikutosha, kwa hiyo wageni wawili walisimama. Sindano aliketi mbele yangu, akafungua daftari, akalifunga.

"Mwalimu, kwa kweli somo lilikuwa zuri sana."

"Sikukuuliza hivyo. Lilivunjika wapi?"

Alimtazama waziri. Alimtazama mkwe wangu, ambaye alikuwa akimtikisia kichwa kidogo, kidogo mno, kama mtu anayemfukuza nzi bila kutumia mkono.

"Mwanangu," nikamwambia, "kesho hao wote hawatakuwapo. Watoto watakuwapo. Sema."

"Lilivunjika kwenye mraba," akasema. "Kabla hujauliza chochote. Ule mraba wa nne kwa nne una majibu yanayofanana, sasa watoto wangejuaje tofauti? Ungechora mbili kwa sita, waya ungebaki kumi na sita, shamba lingekuwa kumi na mbili. Wangeona."

"Kweli. Jingine?"

"Basi, ni hilo tu."

"Umeandika kurasa mbili. Jingine?"

Akalifungua tena daftari. "Kobe alipouliza, ulimjibu haraka. Ulimwambia akae. Ulikuwa unataka anyamaze."

La kwanza lilikuwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu halimchomi mtu. Hili la pili lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimelijua chaki ilipogusa ubao.

"Andika hapo kwamba nimekubali yote mawili," nikamwambia. "Kesho utalifundisha wewe."

Kiongozi wa wageni, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alisema jambo. Mkalimani akatafsiri: "Anauliza, huyu binti hatafukuzwa kazi?"

"Angenyamaza, ningeomba afukuzwe."

Yule mama akasema tena. "Anasema labda hili linawezekana kwa kuwa nchi yenu ni ndogo."

"Mwambie wembamba wa reli usimdanganye, garimoshi hupita juu yake. Kisha mwambie hivi: kosa letu la leo limetembea hatua ishirini, kutoka ubaoni hadi kwenye meza hii, na halikulala njiani. Mwulize makosa ya kwao hulala wapi."

Mkalimani akasita.

"Tafsiri," nikasema.

Akatafsiri, lakini kwa maneno machache kuliko yangu, nilimhesabia. Hata hivyo yule mama hakukasirika. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika. Waziri ndiye aliyetoka bila kuniaga.

Siku ya pili yake Sindano aliwatoa watoto uani pamoja na kamba ya mita kumi na sita na vijiti vinne. Walitengeneza mraba wangu. Wakaubana ukawa mbili kwa sita, wakaubana tena ukawa moja kwa saba, na kila mara walihesabu vipande vya ndani wakivichora kwa kijiti mchangani. Nilisimama nyuma yao na daftari langu. Wenzake walikuwa wamekwisha kuchoka na kuanza kusukumana Kobe alipoizunguka kamba kwa miguu, akairudia, akasimama.

"Kamba haijapungua hata shubiri," akasema. "Shamba ndilo limekonda!"

Wa kwanza darasani akamtazama, akaichukua kamba, akaenda kupima upya. Niliandika hilo pia.

Mkwe wangu alinikuta darasani wakati wa mapumziko. Alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba wangu, na sahihi yake ilikuwa imekwisha kuwekwa. Aliiweka juu ya meza yangu ili niione vizuri.

"Mambo yamekaa sawa, mama. Wageni wamesifu mno. Mheshimiwa alikuwa amewaka, lakini nilimweleza kwamba lile kosa tulilipanga, ili wageni waone mfumo wetu unavyofanya kazi. Akacheka. Sasa anataka maelezo ya maandishi, basi." Akasogeza ya pili. "Nimeshaandika yote. Weka sahihi tu hapo chini."

Niliisoma. Ilisema somo lilitayarishwa likiwa na kosa la makusudi, na kwamba mwalimu mpya alipewa mapema maneno ya kusema.

"Mkeo anajua jambo hili?"

"Yeye ndiye aliyenipa wazo. Mama, anakuhofia. Anasema ukikaa nyumbani utazeeka kwa mwezi mmoja."

Binti yangu ananijua. Nilikaa na zile karatasi mbili mbele yangu, na sitasema kwamba mkono haukuvutwa na ile ya kwanza. Dirishani nilimwona Sindano akikunja kamba uani. Alikuwa ametetemeka, kisha akasema lililo kweli mbele ya waziri. Karatasi hii ilimfanya kasuku. Kobe naye, aliyeuliza swali ambalo wenzake ishirini na tisa hawakulijua, angekuwa mtoto aliyechekwa bure.

Nilichukua kalamu. Mkwe wangu akashusha pumzi. Chini ya maneno yake niliandika: *Halikupangwa. Nilikosea, na mwalimu mwenzangu akanisahihisha.* Nikatia sahihi na tarehe, nikamrudishia karatasi zote mbili.

Alisoma mara mbili. "Mama, nikipeleka hii, mkataba huu nauchana."

"Najua."

"Kwa ajili ya mraba?"

"Ungepeleka ile yako, mwakani kila shule ingepanga makosa yake. Tungekuwa na makosa mazuri sana, na watoto wasiojua kitu."

"Sasa utafanya nini?"

"Mkataba wa zamani umebakiza siku tisa. Kesho ni pembetatu, na sijaitayarisha." Kengele ilikuwa ikilia, nao walikuwa wakija mbio kutoka uani, miguu imejaa mchanga. "Nipishe mlangoni, baba. Watoto wanaingia."